Ng'ombe Mweupe wa Lango Namba Nne

Nchi yenyewe haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure, na kama wewe ni mkazi wake, pole sana ndugu, maana na wewe hupo. Ila forodha yake ipo, tena inachapa kazi. Na kwenye Lango Namba Nne la forodha hiyo, huko nyikani mpakani ambako hata nzi huomba uhamisho, alikuwapo mama mmoja wa miaka hamsini na saba, jina lake Bi Mwanahawa Chiguma, Ofisa wa Dawati la Vitu Vilivyotumika.

Dawati hilo si la mchezo. Nchi ile ilipiga marufuku mitumba siku ambayo suruali ya mkubwa mmoja, aliyoapa mbele za watu kuwa ni mpya ya dukani, ilikutwa na risiti ya dobi wa ng'ambo mfukoni. Tangu hapo, kitu chochote kilichowahi kutumika hakiingii nchini mpaka kikaguliwe kwanza huko kinakotoka, na mkaguzi wa huko aandike umri wake, mwenyewe wa kwanza ni nani, na waliachana kwa sababu gani. Bi Mwanahawa alishagonga muhuri kwenye magari, majokofu, magodoro, na mara moja kwenye meno ya bandia ya bwana mmoja ambaye alikuwa bado ameyavaa.

Asubuhi moja akaingia Mchina mwembamba, kofia mkononi. Huyo ndiye Mhandisi Luo. Kiswahili alikiokota miaka sita kwenye kambi za wajenzi wa barabara; matusi akayaacha kambini, akaondoka na salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeleta nini?"

"Roketi."

"Mpya au imetumika?"

"Mpya kabisa, mama. Iko kule uwanjani, imeshaingia, ushuru tumelipa."

"Sasa kwangu umefuata nini? Mimi vipya sivijui."

"Jumamosi itapanda juu," akasema Luo. "Halafu baada ya dakika nane itarudi."

Bi Mwanahawa akaweka kikombe chini. "Itarudi?"

"Ndiyo uzuri wake!" Luo akachangamka kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Roketi za zamani, mama, ni kama kikombe cha karatasi. Unakunywa chai, unatupa. Sisi tunatengeneza kikombe cha bati. Unakunywa, unaosha, unakunywa tena."

"Na hiyo kampuni ni ya serikali yenu?"

"Hapana, ya watu binafsi. Tulianza mafundi watano kwenye gereji. Wenye pesa wanatutilia mtaji kidogo kidogo. Ikirudi salama, na serikali ya hapa ikaandika cheti kwamba imerudi, wanatia tena. Isiporudi, wanafunga mkoba. Na tuko watu mia mbili na kumi na wawili, mama. Wengine wana watoto."

Bi Mwanahawa akamtazama kwa huruma. Alikuwa mtu wa huruma, ila muhuri wake haukuwa nayo.

"Baba Luo, nikuulize. Hiyo roketi ikirudi, itakuwa mpya?"

"Hapana. Itakuwa imetumika mara moja."

"Na huko inakokwenda ni mbali?"

"Kilomita mia na kidogo, kwenda juu."

"Nchi yetu kwenda juu inaishia kilomita themanini. Lipo tangazo la serikali la mwaka juzi. Kwa hiyo itatoka nje ya nchi ikiwa mpya, na itaingia nchini ikiwa imetumika." Akashusha pumzi. "Huo ni mtumba, mwanangu."

Luo akafungua mdomo. Bi Mwanahawa akamfungulia daftari la wakaguzi wa nje, akapitisha kidole taratibu kurasa zote mbili. Wa bandari za mashariki walikuwapo, wa viwanja vya ndege walikuwapo, mpaka wa visiwa visivyo na watu walikuwapo.

"Angani hatuna," akasema. "Aliteuliwa mtu, akasema kituo hakina nyumba ya mtumishi."

*

Kesho yake akafika Kamishna Mkuu wa Forodha, Mheshimiwa Bakilana Mtengwa. Alikuja na magari saba, kwa kuwa alikuwa peke yake.

"Mwanahawa," akasema kabla hajakaa, "taifa hili halitakwama. Jumamosi roketi inaruka. Mahema yameshafungwa, ngoma imeshaalikwa, na hotuba yangu ina kurasa kumi na tisa."

"Basi Mheshimiwa, tuisamehe sheria ya mitumba kwa siku moja."

"Haiwezekani. Sheria ile niliiandika mimi."

"Basi ipande isirudi."

"Isiporudi tutatoaje cheti cha kurudi? Na cheti nimeshakiahidi kwenye redio."

"Sasa tufanyeje, Mkuu?"

Kamishna akasimama, akakunja mikono nyuma, akatazama dirishani kule ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. "Tafuta fomu," akasema kwa sauti nzito. "Binadamu hajapata kufanya jambo lisilokuwa na fomu. Kama fomu haionekani, ni uvivu wa kuitafuta."

Bi Mwanahawa akaingia stoo. Alivuta droo, akapiga chafya, akavuta nyingine. Akapita fomu za maiti wanaosafiri, fomu za nyuki, fomu za kuombea fomu. Mchana ukapita. Alasiri akatoka na karatasi ya rangi ya udongo, utando wa buibui kichwani.

"Nimeipata, Mheshimiwa. Fomu Namba Kumi na Saba."

Ile ilikuwa Fomu ya Malisho. Lango Namba Nne, kama hujui, liko kwenye ardhi kavu, na majani yako upande wa jirani. Kila kiangazi ng'ombe huvuka mpaka asubuhi kwenda kula, na kurudi kabla jua halijazama. Wakienda na njaa wanarudi wameshiba, yaani wanarudi si wale waliokwenda, lakini hakuna aliyewahi kuwaita mitumba. Katika nchi nzima, fomu hiyo ndiyo pekee inayotambua kitu kinachotoka kwa nguvu zake chenyewe na kurudi kwa nguvu zake chenyewe, bila kubadilisha mwenyewe.

Kamishna akaisoma mbele na nyuma. Akatabasamu kama mtu aliyeibuni.

"Luo," akasema, "hongera. Una ng'ombe."

*

Fomu ikajazwa palepale. Kuandika aliandika Bi Mwanahawa, kuamua aliamua Kamishna.

"Rangi?"

"Nyeupe," akasema Luo.

"Urefu?"

"Mita sitini na mbili."

"Ng'ombe mkubwa," Kamishna akakiri. "Andika. Pembe?"

"Hana."

"Jinsia?"

Luo akakuna shingo. "Kwetu tunaita tu roketi, Mheshimiwa."

"Dume!" Kamishna akagonga meza. "Mradi wa taifa hauwezi kuwa jike. Andika dume kwa herufi kubwa."

Bi Mwanahawa akaandika DUME. Mchungaji: Luo. Akashuka mstari wa mwisho, na hapo kalamu ikasita.

"Mchungaji akiwa mgeni," akasoma, "sharti awe na mdhamini raia. Mnyama asiporudi mzima kabla ya jua kuzama, mdhamini atakwenda jela miezi sita."

Kamishna, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa akigonga meza, akagundua kuwa mkono wake wa kulia una ganzi ya tangu utotoni. Bwana Mifugo wa wilaya, mzee Sanane, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chanjo, akakumbuka kuwa yeye kwa asili ya bibi yake si raia sana.

"Fomu ameileta nani?" Kamishna akauliza kwa upole.

Wote wakamgeukia Bi Mwanahawa.

"Mheshimiwa, mimi nina mume mgonjwa wa sukari. Mimi ndiye ninayemchoma sindano. Nikifungwa miezi sita, nani atamchoma?"

"Taifa," akasema Kamishna.

Bi Mwanahawa alilifahamu taifa. Lilishindwa hata kumletea balbu ya chooni, tangu mwaka alipohamia pale. Akamtazama Luo.

"Huyo wako anarudi kweli?"

Luo hakujibu haraka, na hilo ndilo lililomtia mama moyo, maana wanaojibu haraka aliwazoea. "Mama, mara ya kwanza ilianguka baharini. Mara ya pili ilisimama, halafu ikalala. Mara ya tatu ilisimama ikabaki imesimama. Hii ni ya nne."

"Moja katika tatu," akasema Bi Mwanahawa. "Basi inaishinda treni yetu."

Akasaini.

*

Mzee Sanane alikuwa mtu wa kazi yake. Miaka thelathini hakupitisha mnyama asiye na hereni na chanjo, na hakuona sababu ya kuanza sasa. Akapandishwa kwa lifti ya mafundi hadi juu, koleo la kutobolea masikio mkononi, akawa analizunguka lile dubwana akilipigapiga ubavu.

"Sikio liko wapi?"

"Hana sikio, mzee!" akajibu Luo, aliyepanda naye.

"Na haya yaliyotokeza huku?"

"Hayo mapezi! Yanamwongoza akishuka!"

"Kiungo kinachomwongoza mnyama ni sikio," akasema mzee Sanane, akaweka koleo.

Luo akamshika mkono. "Mzee wangu, nakuomba! Ukitoboa, atarudi kichwa chini!"

"Kila mfugaji husema hivyohivyo. Wanawaonea huruma."

Akabana. Koleo likavunjika vipande viwili, kimoja kikaenda kumwangukia mpiga ngoma aliyekuwa akifanya mazoezi. Mzee Sanane akalitazama lile pezi kwa heshima mpya. "Ngozi ngumu. Huyu hatapata kupe." Hereni ya njano akaifunga kwa waya kwenye nguzo ya uwanjani, akaandika: *sikio limekataa*.

Ikabaki chanjo ya homa ya mapafu. Sindano ikapinda mara tatu. Mzee akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kimyakimya akitingisha kichwa, kisha akamwita Luo kando.

"Kijana, kanuni inasema mnyama akishindikana, achanjwe yule anayekaa naye karibu zaidi."

"Mzee, hiyo ni dawa ya ng'ombe!"

"Na mimi nimekupunguzia. Geuka."

Luo alilala siku mbili, homa juu, akihesabu kinyumenyume kwa Kichina. Bi Mwanahawa akampelekea uji wa ulezi, akamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

"Usife, baba," alimwambia. "Ukifa wewe, mdhamini hana tena mchungaji, ila bado ana ng'ombe."

*

Jumamosi ikafika. Roketi ilikuwa iruke saa nne asubuhi. Hotuba ikaisha saa kumi na moja jioni.

"Wapo waliosema hatuwezi!" Kamishna alikuwa akinguruma. "Leo tunawauliza: hatuwezi nini? Wataje! Roketi hii imebuniwa na wageni, imeundwa na wageni, na imegharamiwa na wageni. Lakini jua linaloiwakia ni letu!"

Makofi. Ngoma. Mpiga ngoma mmoja alikuwa na bandeji.

Kisha ardhi ikatetemeka. Moto mweupe ukatoka chini, na lile dubwana likainuka polepole, kama mtu mnene anayeondoka kwenye kiti, kisha likachomoka. Watu wakainua vichwa mpaka kofia zikaanguka. Bi Mwanahawa hakuinua. Alikuwa ameshika saa ya mumewe, anaangalia mshale.

Dakika ya kwanza alimwomba Mungu. Ya pili akamwahidi Mungu mambo. Ya nne akaanza kupanga: sindano ziko kwenye jokofu rafu ya chini, jirani wa kushoto mkono wake mzito, wa kulia mwoga wa damu. Ya sita akajiona na gauni la jela, na likawa linambana kwapani. Ya saba watu wakapiga yowe.

Ilikuwa inashuka. Inashuka kama kitu kilichodondoshwa, Mungu shahidi, moja kwa moja kuelekea chini, na watu wa hema la wageni maalumu wakaonyesha kuwa na wao wana mbio. Mara moto ukawaka tena chini yake, miguu minne ikafunguka, vumbi likafunika dunia. Lilipotulia, roketi ilikuwa imesimama. Nyeusi ubavuni kwa masizi, inatoa moshi kidogo, wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Luo alikaa chini mchangani akalia bila aibu. Bi Mwanahawa akamwinua, wakashikana mikono, wakarukaruka pamoja kama watoto waliopata mvua.

"Amerudi, mama!"

"Amerudi, baba! Amerudi, mshenzi yule!"

"Mwanahawa," sauti ikasema nyuma yao. Ilikuwa ya Kamishna. Alikuwa ameshika fomu, na nyuma yake fundi mmoja mwenye kipimo. "Alitoka mita sitini na mbili. Nimempima. Huyu ana arobaini na moja."

"Mheshimiwa," Luo akasema, akifuta machozi, "kinachorudi ni sehemu ya chini. Sehemu ya juu inaendelea kuizunguka dunia na mzigo. Ndivyo ilivyo."

"Kwa hiyo ng'ombe ametoka mzima, amerudi hana mbele."

"Ndiyo, lakini..."

"Wa kwetu wakifanya hivyo," akasema mzee Sanane kwa masikitiko, "huwa wamechinja huko ng'ambo, wameuza nyama, wamerudi na miguu."

"Nyama ya taifa!" Kamishna akapaza sauti, maana waandishi walikuwa wanasogea. "Askari! Fomu inasema arudi mzima. Kama ile nusu haijaonekana hapa jua likizama, mchungaji hana cheti, na mdhamini ana miezi sita."

Askari akatoa pingu, akaomba radhi kwanza, kwa sababu Bi Mwanahawa ndiye aliyemfanyia mpango wa harusi. "Samahani, mama. Kaza roho."

"Subiri, mwanangu. Jua halijazama. Mheshimiwa, naomba fomu yangu niisome."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kilichoachwa na waliokimbia. Aliisoma Fomu Namba Kumi na Saba kama hajapata kuiona. Mbele hakukuwa na msaada. Akaigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kuyafikia, palikuwa na visanduku: *Hali ya mnyama aliporudi. Mzima. Mgonjwa. Amekufa. Amezaa.*

Jua lilikuwa limebakiza mkono mmoja. Bi Mwanahawa akatoa kalamu, akatia tiki.

"Tayari, Mheshimiwa. Hakuna kilichopotea. Amezaa."

"Amefanya nini?"

"Alitoka na mimba. Mama amerudi, ndama amebaki. Mita arobaini na moja na mita ishirini na moja, jumla sitini na mbili. Hesabu imekaa."

Mzee Sanane akapiga paja. "Ndiyo maana tumbo lilikuwa gumu!"

Kamishna akakodoa macho. "Mwanahawa, huyu ni dume."

"Ndivyo fomu inavyosema, Mkuu."

"Dume hazai!"

"Basi atakuwa jike, na aliyeamua dume alikosea." Akainamisha kichwa kwa adabu zote. "Tufute hapa, Mheshimiwa, pale kwenye herufi kubwa? Nitaandika pembeni: *amesahihishwa Kamishna*."

Waandishi wakafungua kalamu. Kamishna akatazama fomu, akatazama roketi, akatazama waandishi. Mbele yake palikuwa na njia mbili tu: ama yeye amekosea, ama dume amezaa. Mtu aliyepanda vyeo miaka ishirini na sita hapotei kwenye njia panda kama hiyo.

Akapanda tena jukwaani.

"Wananchi!" akasema. "Mataifa makubwa yamejaribu, yameshindwa. Leo, chini ya usimamizi wangu, kwa mara ya kwanza duniani, dume amezaa!"

Vigelegele. Ngoma. Askari akarudisha pingu kiunoni na kupiga makofi kuliko wote.

*

Cheti kikatoka siku hiyohiyo, na muhuri mkubwa wa forodha: *Inathibitishwa kuwa ng'ombe mmoja, dume, mweupe, amerudi salama, na amezaa.* Luo alikisoma mara mbili akataka kulia tena, safari hii si kwa furaha. Lakini kilikuwa na muhuri, na watia mtaji walisema muhuri. Kikatafsiriwa, kikatumwa kwao. Inasemekana wenye pesa wale walikisoma kwa zamu mezani robo saa nzima, kisha mmoja akauliza anazaa mara ngapi kwa mwaka. Walipoambiwa hata kila mwezi inawezekana, wakatia mtaji mara tatu ya ule ulioombwa.

Luo akaja Lango Namba Nne kuaga, na kifurushi cha majani ya chai na kipimo kipya cha sukari kwa ajili ya mzee wa nyumbani.

"Mama, umetuokoa sote."

"Nimejiokoa mimi, baba, nyinyi mlikuwa karibu. Ila kaa, kuna kitu sijakuonyesha." Akageuza fomu, akamwekea kidole chini kabisa, chini ya visanduku. "Soma hapa."

Luo akasoma taratibu. "Ndama akizaliwa nje ya mpaka, aruhusiwe kubaki alikozaliwa hadi aachishwe ziwa. Mdhamini atamkagua kila jioni na kuandika daftarini." Akainua macho. "Na akishaachishwa?"

"Anarudishwa. Asiporudi, ile miezi sita iko palepale."

"Mama, ile sehemu hairudi. Itazunguka kama miaka mitano, halafu ianguke yenyewe na kuungua yote."

"Shhh! Usiseme hivyo ndani ya ofisi ya serikali." Akatazama mlangoni. "Mitano kweli?"

"Mitano, sita."

"Mimi nastaafu baada ya mitatu," akasema Bi Mwanahawa, na akamjazia chai.

Jioni, kazi zikiisha, hubeba daftari na kiti chake hadi nje ya lango. Jua likishagusa nyika, anga ikiwa bado ina rangi, huinua kichwa na kungoja. Siku nyingine wingu humnyima. Siku nyingi hukiona: kidoa cheupe kinakata mbingu taratibu, hakina haraka, hakina mchungaji, kinatoka nchi hii kinaingia ile bila kusimama kwenye lango la mtu. Hukifuata kwa macho mpaka kizame upande wa jirani. Kisha hulaza daftari magotini, hutazama saa, na kwa mwandiko wake mzuri wa cheti cha diploma huandika tarehe, na mbele yake:

*Ameonekana. Bado ananyonya.*